Cheche, Mwanamke Aliyezima Nyota

Siku Cheche alipokuja kuomba kazi, alikuwa amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi sawasawa, na mikononi alikuwa na vidoa vidogo vyeusi, kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya moto. Nikadhani ni mpishi. Kumbe zilikuwa alama za kazi. Kwa miaka tisa alikuwa amechomelea mageti, vitanda na madirisha ya vyuma katika karakana ya baba yake, na jina la Cheche alipewa na wateja wa huko kabla sisi hatujamjua.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Tulikuwa watano, naye akawa wa sita. Tulikuwa na feni moja iliyogeuza shingo huku ikilalamika, na mapazia mazito ambayo Bosi aliyatundika ili jua lisitupige kwenye skrini. Tulikuwa tunatengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezaji ni rubani wa chombo cha mizigo, anapeleka maji na vipuri kwenye vituo vinavyozunguka Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Ngurumo ya injini, mlango unaofunga, pumzi za rubani ndani ya kofia yake, vyote vilitoka kwenye kona yangu.

Tangazo letu lilisema tunatafuta mtu wa kuchora vyuma: ngozi ya chombo, milango, bolti. Waliomtangulia Cheche walileta vyeti. Yeye alileta flashi. Ndani yake mlikuwa na mageti matupu, karibu mia, yamechorwa kwa kompyuta hata ungeapa yamepigwa picha. Alianza kuyachora, alisema, ili mteja alione geti lake kabla chuma hakijakatwa, maana wateja wana tabia ya kubadili mawazo geti likishasimama. Alijifundisha mwenyewe, kwenye kompyuta kuukuu aliyobadilishana na kitanda cha chuma.

"Nani alikufundisha chuma kinavyong'aa?" Bosi akamuuliza.

"Chuma chenyewe. Tumekaa uso kwa uso miaka mingi."

Akaajiriwa siku hiyohiyo.

Kazi ya vyuma aliimaliza ndani ya miezi minne, na ilikuwa safi. Basi asubuhi moja akavuta kiti, akakaa mbele ya skrini yangu, akatazama anga la mchezo wetu muda mrefu.

"Nyota hizi nani alizimwaga?" akauliza hatimaye.

"Mimi," nikasema. Ilikuwa kazi yangu ya mwanzo, zamani tulipokuwa watatu na kila mtu akifanya kila kitu. Nilikuwa nazionea fahari. "Zina kasoro gani?"

"Hazina kasoro. Nzuri sana. Ila si nyota." Akanyoosha kidole. "Hii na hii na hii, zote zinawaka sawasawa kama taa za dirisha la duka. Halafu hizi hapa zimekaa ubavuni mwa jua, hazina hata haya."

"Ni anga, dada. Watu wanakuja angani kutafuta nyota."

"Ukitoka barabarani saa hizi, unaziona?"

"Hapa kuna hewa, ndiyo maana mbingu ni buluu. Kule hewa hakuna, mbingu ni nyeusi muda wote."

"Hewa nimekuelewa," akasema. "Na jicho je?"

Nikajitia shughuli. Lakini Cheche si mtu wa kuachia jambo njiani. Jumamosi hiyo akanipeleka karakana kwao, saa sita mchana, jua likiwa utosini.

Baba yake alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia marahaba, kisha akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye unayepiga kelele za injini?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Na huko angani hewa hakuna. Hizo kelele zinapita wapi?"

Cheche akacheka mpaka akashika ukuta. Nikajitetea kwamba rubani yumo ndani ya chombo, na ndani kuna hewa. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia visingizio vingi maishani na hiki si kibaya sana.

Cheche akanisimamisha mbele ya bati jipya lililoegemezwa ukutani, likipigwa na jua. Akaniambia nilitazame mpaka aseme basi. Kisha akanishika mkono, akaniingiza stoo, akasukuma mlango ukabaki mwanya mdogo. Baba yake akasimama nje na saa.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Sema ukiona."

Kwanza nikaona fremu ya mlango. Baadaye mapipa mawili. Nikangoja. Likaja rafu, kisha vitu juu ya rafu. Mzee alipotaja dakika ya tisa, nilikuwa naziona fimbo za kuchomelea ukutani kule mwisho, nyembamba kama njiti, ningeweza kuzihesabu.

"Zilikuwepo tangu mwanzo," Cheche akasema. "Hakuna aliyeziwasha. Jicho lako ndilo lililokuwa bado na lile bati. Rubani wako anatazama ubavu wa chombo unaopigwa na jua, halafu papo hapo anaona nyota hafifu elfu tisa. Jicho hilo amelinunua wapi?"

Nilirudi nyumbani nimeelewa. Hata hivyo, nasema ukweli wangu, nilipopiga kura Jumatatu nilipiga dhidi yake.

Ilikuwa hivi. Cheche alileta kikaoni picha mbili. Moja ilikuwa ya ukuta mweupe, ameupiga mchana wa mawingu. Alichagua mawingu kwa sababu kule Mshtarii mwanga wa jua umepungua mara ishirini na saba kuliko kwetu, naye hakutaka mtu aseme ameiba. Ya pili ilikuwa ya mbingu, ameipiga baada ya giza kuingia, kwa kamera ileile na mipangilio ileile, hakugusa kitufe. Ukuta ulitoka vizuri. Mbingu ilikuwa nyeusi tii.

"Nyota ziko humo?" Bosi akauliza.

"Zimo. Usiku ule zilijaa."

Bosi akaigeuza ile picha, akaiangalia nyuma kana kwamba huenda nyota zimejificha huko. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye sauti ndogo, lakini wasambazaji wa michezo walikuwa wanakuja kutuona baada ya wiki kumi. "Cheche, mwanangu, mimi nakuamini. Lakini nani atanunua weusi?"

Tukapiga kura. Watano kwa mmoja. Mimi nilinyoosha mkono nikiangalia meza, maana nyota zile zilikuwa zangu na nilizipenda.

Uso haukumshuka Cheche. Aliomba kitu kimoja tu: aruhusiwe kuweka swichi ndani ya mipangilio, iitwe "mwanga wa kweli", mwenye kutaka aiwashe, asiyetaka asijue hata kama ipo. Angeifanya kwa saa zake mwenyewe. Bosi akakubali, nadhani ili kikao kiishe.

Sijapata kumwona mtu akivalia njuga jambo namna ile. Alianza na orodha ya wanaastronomia ya nyota zote ambazo macho matupu yanaweza kuziona, akaipa kila moja mahali pake na mwanga wake. Hapo ndipo shida ya kwanza ilipomkuta. Nyota kali kuliko zote inaishinda ile hafifu ya mwisho zaidi ya mara elfu moja na mia tano, na skrini ya kompyuta haina nafasi hiyo. Ukiipa ile kali haki yake, hafifu zinapotea. Ukiziinua hafifu, unarudi kwenye taa za dirisha la duka. Mimi zamani nilitatua jambo hilo kwa kuzifanya nyota kali ziwe kubwa, kama punje za mchele. Yeye alikataa katakata. Nyota haina unene, alisema, ni nukta tu, kinachozidi ni ukali. Akairuhusu ile kali imwage ukungu kidogo sana pembeni yake, jinsi inavyofanya ndani ya jicho lenyewe, basi.

Shida ya pili ilimla siku tisa. Chombo kilipogeuka, nyota hafifu zilikuwa zinawaka na kuzimika kama vimulimuli, kwa sababu kila moja ilikuwa inaruka kutoka nukta moja ya skrini kwenda nyingine, na ikifika katikati inapotea. Alikuja kazini siku hizo tisa na uso wa mtu anayeumwa jino. Siku ya kumi aliingia akiimba. Alikuwa amegundua namna ya kumgawia jirani: nyota ikiwa kati ya nukta mbili, kila nukta ipewe fungu lake, na jumla isizidi wala isipungue. Akageuza chombo taratibu mbele yetu. Anga lote likazunguka kama kipande kimoja, halikupepesa.

Halafu kulikuwa na vivuli. Pale hewa hakuna, upande usiopigwa na jua ni giza tupu, isipokuwa ule mwanga wa kuazima unaorudi kutoka kwenye sayari. Kila tulipojaribu, marubani wetu wakawa wanagonga milango ya vituo. Cheche akakifunga chombo taa za mbele. Bosi akazijaribu, akatuita. "Taa imeharibika. Mwale wake siuoni."

"Mwale unaouona hapa duniani ni vumbi, Bosi. Kule vumbi hakuna. Angalia mbele."

Akaangalia. Duara la mwanga lilikuwa limetua kwenye mlango wa kituo, kali, limekatwa kama kwa mkasi. Bosi alizima na kuwasha mara nne.

Jambo moja tu lilimuuma Cheche. Jicho la binadamu linahitaji karibu nusu saa gizani ili lifike mwisho wa uwezo wake, na hakuna mchezaji wa kungoja hivyo. Ilibidi aufupishe muda huo. Alianza na dakika tatu, wenzake tukapiga miayo, akashuka, akashuka tena, akakomea sekunde arobaini. "Hapo nimedanganya," aliniambia. "Lakini ni uongo ninaoujua kipimo chake."

Sasa nije kwenye kosa langu. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga matoleo ya mchezo na kuyatuma kwa watu wa majaribio, kama mia mbili hivi, waliokuwa wanatuchezea bure na kutueleza maoni yao. Alhamisi mchana nilikuwa napima sauti ya pumzi za rubani akiwa kivulini mwa sayari, nikawasha mwanga wa kweli ili nione anachokiona. Nikasahau kuuzima. Nikafunga toleo, nikalituma, nikaenda zangu.

Ijumaa asubuhi tulikuta malalamiko arobaini na mawili. Nyota zenu ziko wapi? Mbona mmefunika anga kwa blanketi? Nilitaka anga, nimepewa tundu. Mmoja, fundi wa majokofu, aliandika aya tatu za hasira na kumalizia kwamba hata mwanawe wa chekechea angechora nyota zaidi ya hizo.

Bosi aliyasoma yote akiwa amesimama. Kisha akamgeukia Cheche, na ile sauti ndogo ikatetemeka. "Tulipiga kura. Nilikupa swichi, wewe ukatuma kinyemela?"

Cheche alipigwa na butwaa. Nikajua kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi, nitanyamaza maisha yangu yote.

"Bosi, ni mimi. Niliiwasha jana nikasahau. Yeye hajui lolote."

Feni ikageuza shingo, ikalalamika, ikarudi. Bosi akamwomba Cheche radhi hapohapo mbele ya watu, jambo lililonifanya nimheshimu zaidi, kisha akaniamuru nitengeneze toleo jingine na kulituma kabla ya saa nane. Cheche hakunilaumu. Alinipiga jicho tu, nalo halikuwa la hasira. Lilikuwa la mtu aliyechoka.

Nilikuwa katikati ya kulifunga lile toleo ndipo ujumbe ulipoingia. Ulikuwa wa yule fundi wa majokofu. Safari hii hakuandika aya tatu.

"Nafuta niliyosema asubuhi. Nilipita nyuma ya sayari, jua likazama. Nikadhani skrini imekufa. Nikataka kuizima. Halafu zikaanza kuja."

Nikausoma kwa sauti. Baada ya robo saa ukaja mwingine, wa mwalimu mmoja wa kike: alikuwa amezima injini ya chombo, akamwita mama yake aje atazame, na mama yake akataka kujua kwa nini nyota zinatoka moja moja, nani anazifungulia mlango. Hadi adhuhuri zilikuwa zimefika jumbe kumi na saba za namna hiyo. Malalamiko nayo yaliendelea, sitaficha, lakini wengi wa waliolalamika walikuwa hawajafika nyuma ya sayari.

"Sogea," Bosi akaniambia. Akakaa kwenye kiti changu, akavaa vipokea sauti vyangu vya masikioni, akamwambia mtu akaze mapazia.

Tukasimama nyuma yake. Akaendesha chombo, ubavu wake ukimeta kwa jua, anga jeusi halina hata nukta. Mshtarii ikapanda mbele yetu, ikameza nusu ya dirisha. Jua likagusa ukingo wa sayari, likawa uzi mwekundu, likakatika. Giza. Nikawa nahesabu kimoyomoyo. Nilipofika kumi, nyota ya kwanza ikatokea juu kushoto, peke yake. Kisha mbili. Kisha nne, halafu sikuweza tena kuhesabu, maana zilikuwa hazitokei tena bali zinazidi kina, nyuma ya nyota kuna nyota, na katikati yake ule mkanda wa maziwa unaokatisha mbingu ukaanza kujichora polepole kama pumzi kwenye kioo. Nilizitazama nikazisahau kabisa nyota zangu za mchele.

Bosi alikaa huko nyuma ya sayari nusu saa nzima. Simu yake iliita mara mbili, hakuigusa. Alipovua vile vya masikioni macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia skrini.

"Acha toleo hilo unalofunga," akaniambia. "Tuwaelekeze watu wa majaribio safari ya kwanza ipite nyuma ya sayari. Mengine acha hivyohivyo."

Wasambazaji walipokuja walikuwa wawili. Mmoja wao, bwana mwenye suti ya kijivu, hakuchukua hata dakika mbili kuuliza mbona anga halina nyota. Nilimwona Bosi akivuta pumzi. "Mchana ukitoka hapo barabarani, unaziona?" akauliza, kwa kujiamini kama vile ameyawaza mwenyewe utotoni. Akaeleza habari ya hewa, akaeleza habari ya jicho, mpaka alipofika kwenye kumgawia jirani, ulimi ukamshika. Akacheka. "Mwenyewe yupo hapa. Cheche, njoo uwaeleze."

Akaeleza. Hakupandisha sauti, hakutia chumvi, na kila walichouliza alikuwa nacho mkononi. Yule bwana alitaka kujua amesomea wapi mambo ya mwanga. "Karakana ya baba yangu," akajibu, akaendelea na alichokuwa anasema. Mkataba ulipoletwa, ulikuwa na kifungu kinachosema mwanga wa kweli ndio utakuwa wa kawaida, na swichi iwe ya wale wanaotaka taa za duka.

Mchezo ulitoka miezi mitano baadaye. Kwenye orodha ya waliotengeneza, Bosi alimuuliza aandikwe cheo gani. Kulikuwa na majina makubwamakubwa ya kuchagua. Alichagua "fundi wa mwanga", jina lake likafuata, lile la baba na la babu, bila kufupishwa.

Wiki hiyo akamleta mzee ofisini. Alipanda ngazi taratibu, amevaa koti, miwani amenunua mpya. Tukamkalisha kwenye kiti cha Bosi. Cheche akachuchumaa kando yake akimwonyesha vitufe, na mzee, mikono ile iliyozoea nyundo, akaviminya kwa vidole viwili kama anaokota mayai. Alipita kwenye jua, akaenda nyuma ya sayari, akangoja. Zilipotoka zote, hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza tu, "Hizi zimekaa mahali pake?"

"Kila moja, baba."

"Hm."

Akawasha taa za mbele, akakisogelea kituo. Duara la mwanga likatambaa juu ya ukuta wa chuma, naye ghafla akaegemea mbele mpaka pua ikakaribia skrini.

"Mama," alimwita binti yake hivyo, "mshono huu nani aliuchomelea?"

Cheche akatazama. Ulikuwa mshono mmoja kwenye ukuta wa kituo, ameuchora mwenyewe mwaka uliopita, wakati mwanga wetu ulikuwa haufichui kitu.

"Mimi."

"Umekimbia. Hapa katikati umekimbia, ona, umeacha tundu. Upepo utatoka wote, watu wafe humo ndani."

Tulivunjika mbavu, Bosi akawa anafuta machozi kwa mkono wa shati. Cheche hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, anamtazama baba yake, uso wote umechanua. Mzee ambaye miaka tisa alikuwa akiinama juu ya kazi yake kutafuta tundu, alikuwa ameinama juu ya chuma kisichokuwepo, chini ya mwanga usiokuwepo, na akaliona.

"Nitaurudia kesho, baba," akasema.

Na akaurudia. Nilikuwa meza ya pili, nikamwona akiuburuta mshono ule nukta kwa nukta, bila haraka, tangu asubuhi mpaka saa ya chakula.